Kuvuka Busia ni rahisi, kupata chumba mpaka ujulikane

Mkenya anayetaka kuhamia Busia ya Uganda hahitaji pasipoti. Tangu mwanzoni mwa 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka kuingia nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Kituo cha pamoja cha mpakani, ambacho Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikifungua rasmi Februari 2018, kimeifupisha safari zaidi: maafisa wa nchi mbili wamekaa chini ya paa moja, dirisha la kutokea likipakana na dirisha la kuingilia. Ukishapita hapo, kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinakuruhusu kukaa hadi miezi sita bila kulipa ada. Mganda anayeelekea upande wa Kenya ana haki iyo hiyo.

Kazi huanza mbele kidogo, mtu anapoulizia chumba.

Sofia ni mtaa wa Busia ya Uganda uliobanana na mpaka kiasi kwamba simu yenye laini ya Kenya hushika mtandao wa kwao ukiwa umelala kitandani. Mwenye nyumba wa pale atakipokea kitambulisho chako, akigeuze mbele na nyuma, akurudishie, kisha aulize jambo ambalo afisa wa uhamiaji hakuuliza: nani anakujua hapa? Mganda anayevuka kuja Burumba au Mayenje, upande wa Kenya, anakutana na swali hilo hilo kwa keateka wa ploti. Nenda Malaba, panda hadi Tororo chini ya lile jabali lake, hali ni moja. Serikali zimefungua geti la nchi. Mlango wa nyumba umeachwa mikononi mwa watu wanaofahamiana, na asiyefahamika anabaki nje, au anaingia kwa masharti ambayo jirani yake mwenyeji hapewi. Hilo linaniuma, kwa sababu wanaoumia ni wale wale walioambiwa kwamba soko la pamoja limeletwa kwa ajili yao: mama wa mitumba, msusi, fundi wa pikipiki, mwanafunzi.

Na huyo anayeitwa mgeni ni nani hasa? Hadi 1902 hakukuwa na mpaka wa nchi hapa. Eneo la mashariki la Uganda lilienea hadi karibu na Naivasha, na ni Waingereza waliolihamishia upande wa Kenya mwaka huo, mstari ukaja kupita kati ya watu waliokuwa wakioana. Wasamia wakawa Funyula na Sio Port upande mmoja, Lumino na Majanji upande wa pili. Wateso wakawa Amukura na Amagoro huku, Tororo kule. Kijana wa Kiteso kutoka Amagoro anayetafuta chumba Tororo ni mgeni kwa karatasi, lakini anaweza kukipata siku hiyo hiyo. Anaamkia kwa Kiteso, anataja ukoo wa mama yake, na mzee mwenye nyumba anaanza kumwita mwanangu. Mkenya wa Nyeri au wa Mombasa hana ukoo wa kutaja pale. Mganda wa Masaka aliyekuja kufanya kazi ya saluni Busia ya Kenya hana pia. Kwa hiyo mpaka ule ule ni mwepesi kwa mmoja na mzito kwa mwingine, na hakuna sheria yoyote iliyokusudia iwe hivyo.

Tororo iliwahi kujua njia nyingine. Kabla ya Jumuiya ya kwanza kuvunjika mwaka 1977, mfanyakazi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki aliyehamishwa kutoka Nakuru au Kisumu kwenda Tororo aliingia nyumba ya reli kwa barua ya kazi. Barua ilitaja cheo chake na nyumba ikafuata cheo. Shirika lilipogawanywa, nyumba zilibaki kwa nchi zilimokuwa, na utaratibu ule ukaondoka na shirika lake.

Siku hizi, upande wa Uganda, njia inapita kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mwenye nyumba akikukubali anakupeleka kwa mwenyekiti au anakuelekeza kwake. Unabeba nakala ya kitambulisho na picha ndogo, unaeleza umetoka wapi na unafanya kazi gani, unaandikwa katika daftari. Ukihitaji barua ya utambulisho, inaandikwa na kupigwa muhuri, na muhuri una chochote chake. Sina ugomvi na daftari hilo. Mtaa wa mpakani una haki ya kumjua anayelala ndani yake, na mwenyekiti huyo huyo ndiye utakayemkimbilia usiku ukivunjiwa mlango. Kinachonisumbua ni kwamba barua ile humtambulisha mtu na kuishia hapo. Haitaji chumba, haitaji kodi, haitaji muda. Mkikosana na mwenye nyumba mwezi wa tatu, barua haina la kusema.

Upande wa Kenya daftari la namna hiyo lilikuja na Nyumba Kumi, mpango uliosukumwa kwa nguvu baada ya shambulizi la Westgate la Septemba 2013. Mganda anayehamia Marachi au Burumba hupelekwa kwa mzee wa mtaa, na mzee ndiye huamua kama jina lifike kwa naibu wa chifu. Sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inamtaka mgeni anayekaa Kenya zaidi ya siku 90 mfululizo ajiandikishe. Msusi anayekwenda kwao Tororo kila mwisho wa wiki hajihesabu kuwa mtu wa siku 90, na pengine yuko sahihi. Lakini chumba chake kipo Burumba siku zote 365, kodi inalipwa, vyombo vimo ndani, na hakuna karatasi inayosema ni chake.

Wasichana kutoka Uganda wanaofanya kazi za nyumbani, mikahawani na baani upande wa Kenya ndio walio wazi zaidi kwa hatari hii. Mara nyingi hupanga watatu au wanne chumba kimoja cha singo kwa jina la yule anayejulikana na keateka. Akiolewa, akirudi kwao au akigombana na wenzake, waliobaki hawana jina mbele ya mwenye nyumba. Depoziti ilikuwa ya yule aliyeondoka. Wanaambiwa watoe nyingine au watoke, na wanatoka, kwa sababu kwenda kushtaki kunaanza na swali la uraia kabla halijafika swali la kodi.

Kisha kuna pesa yenyewe. Busia ya Kenya imezoea kodi ya mwezi mmoja na depoziti ya mwezi mwingine. Kuanzia Sofia hadi Tororo, mwenye nyumba hupenda miezi mitatu mbele, na asiye na wa kumsemea anaweza kuombwa zaidi ya hiyo. Kwa mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi huo ni usumbufu. Kwa mama anayevuka na mananasi asubuhi na kurudi na sabuni jioni, kodi ya miezi mitatu ndiyo mtaji wote. Akiitoa, amepata pa kulala na hana cha kuuza.

Sarafu inaongeza mzigo wake. Kodi ya Sofia hutajwa kwa shilingi za Uganda, ingawa wenye nyumba wengi hupokea zote mbili, na wengine hupenda ya Kenya. Tuseme chumba ni 150,000 za Uganda kwa mwezi, na mpangaji anapata riziki yake kwa shilingi za Kenya. Mwanzoni mwa 2024, shilingi ya Kenya ilipodidimia hadi karibu 160 kwa dola, wabadilishaji pesa mpakani walikuwa karibu na 24 za Uganda kwa moja ya Kenya. Chumba kile kilikuwa 6,250. Shilingi ya Kenya ilipopata nguvu na kurudi karibu 129 kwa dola, kiwango kikapanda kuelekea 28, na chumba kile kile kikawa kama 5,360. Safari hii mpangaji wa Kenya alipata nafuu. Mganda anayepanga Burumba kwa shilingi za Kenya huku akiuza bidhaa zake kwa za Uganda alipata kinyume chake: kodi ilimpanda bila mwenye nyumba kuongeza hata senti. Makubaliano ya mdomo hayasemi kodi ni ya sarafu gani wala kiwango cha siku ipi. Hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, na kila upande huamini unaibiwa.

Sheria zipo, na si mbaya. Uganda ilipitisha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji mwaka 2022. Inataka kodi iwe kwa shilingi ya Uganda isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo, inazuia kodi kupandishwa kiholela kupita asilimia 10 kwa mwaka, na inamkataza mwenye nyumba kumtupia mpangaji vitu nje bila kupitia mahakamani. Pia inasema upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi lazima uandikwe. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachoniudhi. Vyumba vingi vya Sofia, na vile vya msururu ambavyo Waganda huviita mizigo huko Tororo, havikaribii kodi hiyo kwa mwezi, kwa hiyo mwenye nyumba hujiona hahusiki. Sheria imemwandikia mkataba mpangaji wa nyumba kubwa, ambaye angeandikiwa tu hata bila sheria, na kumwacha wa chumba kimoja na neno la mdomo.

Kenya ina kinyume cha kushangaza. Sheria yake ya kudhibiti kodi, ile ya Sura 296, inawalinda hasa wanyonge: nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa miongo mingi iliyopita, na Nairobi kimebaki kama masimulizi. Lakini Busia, pembezoni mwa mji, kwenye vyumba vya mabati na vya udongo uliopigwa lipu, kodi ya namna hiyo bado ipo. Yaani mgeni maskini kuliko wote ndiye mwenye haki ya kwenda mbele ya baraza la kodi, na sheria haimuulizi ni raia wa wapi. Ni wachache mno waliowahi kuambiwa. Anayepanga duka naye ana Sura 301: asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, hawezi kutolewa kwa kufungiwa kufuli. Anastahili notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu, na akipinga, shauri linakwenda kwa baraza la kodi za majengo ya biashara. Wafanyabiashara wa Uganda wenye vibanda Busia ya Kenya hupoteza maduka kwa kutojua jambo hili moja.

Swali linakuja: Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe inasemaje? Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kazi Julai 1, 2010, inazungumzia uhuru wa kutembea, wa kufanya kazi, wa kufungua biashara, na ibara ya 14 inazungumzia haki ya ukaazi. Kisha inakuja ibara ya 15 kuhusu ardhi na majengo, na hapo nchi zikarudi nyuma: zikakubaliana kwamba jambo hilo litaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa ardhi ninawaelewa. Katiba ya Kenya ya 2010 inamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodishiwa kwa muda usiozidi miaka 99, na sheria ya ardhi ya Uganda ya 1998 ina kikomo hicho hicho. Ardhi ina historia ya machungu kwetu sote. Lakini chumba cha futi kumi kwa kumi, cha mwezi hadi mwezi, kiliwekwa kapu moja na shamba, na tangu wakati huo hakuna aliyekitoa humo.

Ninapotazama kituo cha mpakani ninaona jibu limekaa pale pale. Mama mwenye bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 huvuka kwa Utaratibu Rahisi wa Biashara: anapewa cheti rahisi cha asili, ukurasa mmoja, na bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, haziulizwi ushuru wa forodha. Nchi zetu zilikaa chini zikatambua kwamba mfanyabiashara mdogo hawezi kubeba makaratasi ya kampuni kubwa, zikamtengenezea yake. Nyanya zake zina hati inayotambulika pande zote mbili. Yeye mwenyewe, jioni, analala katika chumba kisicho na hati hata upande mmoja. Kinachohitajika ni fomu ya upangaji ya namna hiyo hiyo, ukurasa mmoja kwa Kiswahili na Kiingereza: majina na namba za vitambulisho, chumba kilipo, kodi na sarafu yake, depoziti, muda wa notisi, sahihi mbili. Mwenyekiti wa LC1 aipige muhuri Uganda, naibu wa chifu aipige Kenya. Watu hao tayari wana daftari na tayari wana muhuri. Wangekuwa wanathibitisha makubaliano, badala ya kuthibitisha kwamba mtu ana wa kumsemea.

Pasipokuwa na hati, watu hutafuta njia. Njia ya kawaida kuliko zote hapa ni kitambulisho cha pili. Nchi zote mbili zinaruhusu uraia pacha, Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005 na Kenya tangu katiba ya 2010, lakini wengi mpakani hubeba vitambulisho viwili bila kupitia utaratibu huo. Wengine wana haki ya kweli kwa baba na mama. Wengine walitafuta cha pili ili wapate chumba, shule ya mtoto au kibanda sokoni. Uchaguzi ukifika, upande huu au ule, watu hawa ndio huitwa wapigakura wa kuletwa, na wapangaji wote wasio wenyeji hupata macho makali. Nina hakika wengi wao wangeridhika kuwa wageni wenye mkataba, kama kuwa mgeni mwenye mkataba kungekuwa na maana.

Mwaka 2020 ulionyesha gharama ya kukosa maana hiyo. Mwezi Machi, kwa sababu ya corona, Uganda ilifunga mipaka kwa abiria na kuacha mizigo ipite. Aliyekuwa na chumba Sofia na kibanda Busia ya Kenya alilazimika kuchagua kimoja. Waliochagua kibanda waliacha vyombo nyuma ya kufuli, na kodi ikaendelea kuhesabiwa miezi yote hiyo. Bila mkataba, hakukuwa na kipengele cha dharura cha kushikilia wala anwani ya kuonyesha kwamba unaishi ng'ambo na unaomba kurudi kwako.

Mwezi uliofuata, habari zilitoka mbali zaidi. Wafanyabiashara wa mpakani wanaoagiza viatu na simu wanaijua Guangzhou na mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. China humtaka mgeni anayelala nje ya hoteli aandikishwe polisi ndani ya saa 24, masharti makali kuliko yoyote ya Busia. Hata hivyo, Aprili 2020, Waafrika waliokuwa na viza na kodi iliyolipwa walifukuzwa kwenye nyumba zao Guangzhou kwa hofu ya corona, wengine wakalala barabarani, hadi mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya malalamiko kwa serikali ya China. Karatasi haikuwazuia kufukuzwa. Lakini mwenye mkataba aliweza kusema haki yake imevunjwa, na balozi wake akajua cha kudai. Mpangaji wa Sofia aliyefungiwa nje mwezi huo huo hakuwa na cha kumkabidhi balozi.

Guangzhou hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kufika Tororo. Oktoba 2018 Rais Museveni alizindua kiwanda cha mbolea ya fosfeti Osukuru, cha kampuni ya Guangzhou Dongsong Energy. Mgeni aliyeletwa na kampuni hahangaiki na swali la nani anamjua. Kampuni ndiyo inayojulikana, na makao hupangwa kabla hajashuka kwenye ndege. Sitaki Mchina anyimwe urahisi huo. Nataka muuza dagaa wa Port Victoria aupate pia.

Wenyeji wa huku hawakosi utu, na ni lazima lisemwe. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipowasukuma Wakenya kuvuka Busia na Malaba, kambi ya muda ilifunguliwa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye wengi wakapelekwa Kiryandongo. Wapo ambao hawakufika kambini kwa sababu walifunguliwa vyumba na watu wa mjini. Tangu hapo, kila Kenya inapokaribia uchaguzi mkuu, baadhi ya familia hutangulia kupanga chumba upande wa Uganda kwa tahadhari. Chumba kinatolewa, mara nyingi kwa neno tu, na ukarimu huo hauna shida mpaka pale pesa zinapoingia kati ya watu wawili wanaokumbuka mambo tofauti.

Kwa hiyo, anayekwenda kutafuta chumba wiki hii asisubiri uamuzi wa Jumuiya kutoka Arusha. Aandike mwenyewe ukurasa huo mmoja, hata kwa kalamu, na amwombe mwenye nyumba asaini mbele ya mwenyekiti au mzee wa mtaa. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima, maana karatasi inawalinda wao pia. Kodi ailipe kwa M-Pesa au kwa simu ya Uganda, ibaki kumbukumbu, na akilipa taslimu adai risiti yenye tarehe na mwezi unaolipiwa. Aulize mapema kama mita ya umeme, Yaka upande wa Uganda au ya tokeni upande wa Kenya, ni yake peke yake au ni ya msururu mzima. Wakiwa wengi chumbani, majina yote yaandikwe.

Na siku ya kuhama asiitupe karatasi hiyo. Kupakia vitanda kwenye gari Uganda bila barua ya LC1 ni kujitafutia maswali ya polisi njiani. Forodhani nako watauliza kama kochi na jokofu ni bidhaa ya kuuza. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, inasamehe ushuru vyombo vya nyumbani vya mtu anayehamisha makazi, ilimradi aonyeshe kuwa ni vyake na alikuwa akivitumia kule alikotoka. Mwenye mkataba na barua anaonyesha anwani ya zamani na mpya, tarehe zikiwa wazi. Asiye nazo anaanza kueleza upya alikuwa akiishi wapi, huku lori la kukodi likimhesabia saa.